Alama za rangi au maandishi kwenye rejista ya waumini?

Kwa kanisa la Malindi lenye wahudumu wanaopokezana mlangoni, alama ya rangi kwenye wasifu wa muumini katika rejista ya kidijitali inashinda kwa kasi: ukifungua jina, unaona papo hapo "mgeni" au "mwanakwaya". Ila zikizidi tano hivi, watu huzisahau. Nyekundu na kijani huwachanganya wengine, basi tofautisha maumbo pia. Na alama ya "mgeni" isipopewa tarehe ya kuisha, itabaki hata baada ya ubatizo.

Maandishi husomwa polepole, lakini hubeba tarehe, huchujwa, na huhamishika kwenye jedwali. Katibu mmoja anayewajua waumini wote yanamtosha.

Ugonjwa usiwekewe alama kamwe. Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Data ya 2019 huhesabu hali ya afya kuwa taarifa nyeti.