Kinyago cha mpingo au kasha la Zanzibar: kipi cha kuwarithisha watoto?

Kwa bei, kinyago cha ujamaa cha Kimakonde, watu wamepandana kizazi juu ya kizazi, hupatikana hata kwa mfuko mdogo. Kasha la misumari ya shaba ni la kujichanga.

Kwa kudumu, mpingo hauna mpinzani: moyo wake mweusi huzama majini, na mchwa huushindwa. Ila juani au karibu na kiyoyozi hupasuka. Halafu feki ni nyingi mno! Kwaruza kidogo chini ya kitako. Ukiona weupe, huenda umeshikishwa mti mwingine uliopakwa kiwi.

Matunzo: kinyago hutaka kitambaa kikavu tu, shaba ya kasha hutaka ndimu na mkono usiochoka. Lakini kasha linatumika. Hati za shamba hukaa kwenye droo za chini, kanga za bibi juu, na harufu ya udi hunasa kwenye mbao. Hapo kinyago hakifui dafu.

Watoto wako ughaibuni? Kinyago hutoshea begini, ingawa kwa mzigo mkubwa ulizia kibali, maana mpingo uko chini ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, tangu 2017. Mna nyumba ya ukoo isiyouzwa? Kasha. Ila warithi wakiwa wanne, amueni mapema litakaa kwa nani.