Pleco: kama unafuata mzigo China, weka hii kamusi kwenye simu

Wafanyabiashara wenzangu mnaohangaika na Kichina, kuna kamusi ya simu inaitwa Pleco, naitumia kila siku na kwa kweli sijaona ya kuifikia. Kuipakua bure, ipo ya Android na ya iPhone, na inafanya kazi hata bando likikata, jambo ambalo ukiwa katikati ya soko Guangzhou unaliona thamani yake.

Kichina ni lugha ya toni, neno fupi likipanda au likishuka linakuwa neno jingine kabisa. Andika mai humo uone. Mǎi, sauti ikizama chini, ni kununua. Mài, sauti ikiporomoka, ni kuuza. Yaani kununua na kuuza, vitu viwili ambavyo mfanyabiashara hawezi kuvichanganya hata kidogo, vimetenganishwa na sauti tu! Halafu kuna mài nyingine ambayo ni ngano, na mái ya kupanda ambayo ni kuzika. Hiyo ya kupanda ndo mtego wetu sie Waswahili, maana tukiuliza swali tunapandisha sauti mwishoni, "umekula?", sasa ukimwendea muuzaji ukamuuliza "mai?" kwa sauti ya kwetu umeshasema kuzika.

Pleco imelishika hilo vizuri sana. Kila toni ina rangi yake, ukigusa alama ya spika unasikia inavyotamkwa, na ukishaijua toni unaandika na namba yake, mai3 ile ya kuzama au mai4 ile ya kuporomoka, inakuletea unachotaka. Unaweza pia kuchora herufi kwa kidole na hapa ndo nimepapenda kuliko kote, maana ukichora utaona 买 ni kununua na 卖 ni kuuza, herufi ileile imeongezewa kimsalaba kichwani, jicho linashika hata kama sikio bado zito. Ziunganishe, 买卖, unapata biashara.

Zile programu za kutafsiri zinazokisia lugha zenyewe mimi kwa maneno mafupi siziamini. Mai ya nani? Mkongo akisema mai, iwe Kilingala au Kiswahili cha kwao, ni maji, ndo hayo ya Ziwa Mai-Ndombe, kwa Mhausa mai gida ni mwenye nyumba, Mvietnam kwake ni kesho, Mtaliano ni kamwe. Si kwamba wameazimana, sauti za mdomo wa binadamu zina kikomo na neno likiwa fupi hivyo lazima lugha zigongane. Kamusi inayojua kabisa kwamba unatafuta Kichina haikupotezi hapo.

Ila mjue maana nyingi zipo kwa Kiingereza, Kiswahili hamna, kwahiyo kama Kiingereza kinakusumbua utachoka haraka, na hili natamani sana lirekebishwe kwa sababu watu wetu wanaoenda kule ni wengi mno. Vitu vingine kama kusoma herufi kwa kamera ni vya kulipia. Usikimbilie kununua, anza na ya bure, zoeza sikio kwanza kwa kurudiarudia hizo mai mpaka uzitofautishe bila kuangalia rangi. Mimi naipa nyota nne kati ya tano.