Krita kwa ruwaza zisizo na mshono: uzoefu wangu nikiwa Chake Chake

Kwa mtu anayechora mandharinyuma za vifungashio, kadi za harusi au vitambaa vya mito, sijaona programu ya bure inayoipita Krita. Naitumia hapa Chake Chake, khasa kwa ruwaza za karafuu ambazo wauza viungo huzipenda kwenye pakiti zao. Kazi yenyewe ni kuchora mraba mmoja unaopangwa ubavu kwa ubavu kama vigae vya sakafuni, na jicho lisijue kimoja kimeishia wapi na chengine kimeanzia wapi.

Kilichonivuta ni herufi moja ya kibodi: W. Ukiibonyeza, mchoro unajirudia pande zote za skrini. Mstari ukitokea ukingo wa kulia, papo hapo unaingilia kushoto. Ukishuka chini, unaibukia juu. Njia ya zamani, ambayo hata kwenye GIMP (programu nyengine ya bure ya picha) ipo, ni kuchora kwanza, halafu kuusogeza mchoro nusu kwa amri ya Offset ili mishono ije katikati, uizibe kwa brashi. Kwa picha ya kamera njia hiyo bado inafaa. Kwa anayechora kwa mkono inakatiza mno; unapoteza mwendo wa kalamu kila mara. Ndani ya Krita ruwaza nzima iko mbele yako tangu mstari wa kwanza.

Lakini kuondoa mshono ni nusu ya kazi tu. Vigae vinaweza kuungana vizuri kabisa na ruwaza ikawa mbaya, kwa sababu shada moja lililokolea wekundu linajirudia mpaka linafanya michirizi mirefu. Vuta picha iwe ndogo, kunja macho kidogo, utapaona palipozidi rangi na palipobaki uwazi. Mimi hulififisha shada hilo, au huongeza majani mawili matatu na kuyapitisha juu ya ukingo wenyewe. Karafuu zenyewe zinasaidia: shada moja huwa na vitumba vya kijani na vyengine vilivyoanza kuwa vyekundu, kwa hiyo ukichora kama ulivyoona mtini, rangi hutawanyika bila kuilazimisha. Nawasihi wachoraji wenzangu wa Pemba watazame mti kabla ya kutafuta picha za karafuu mtandaoni, nyingi ni za zilizokwisha kukauka.

Jengine la kujua: W inarudia kwa safu zilizonyooka tu. Ukitaka safu zipishane, lazima upishanishe ndani ya kigae. Turubai yangu huwa na pikseli 1200 kwa 1200, yaani inchi 4 zikichapwa kwa nukta 300 kwa inchi. Nachora shada katikati kwenye leya yake (tabaka la mchoro linalojitegemea), nainakili leya, kisha nakala naipa Offset ya pikseli 600 kwa upana na 600 kwa urefu. Nakala inagawika robo nne, kila robo kwenye pembe yake, na W ikiwashwa unaiona nzima. Halafu nakala naichora upya kidogo, ielemee upande mwengine.

Kwa wanaobuni kanga, toleo la 5.2 limeleta faida kubwa: unaweza kuamua mchoro ujirudie kwa upana peke yake. Hilo ndilo hitaji la pindo.

Hali hii ya W inategemea kadi ya picha ya kompyuta. Ikiwa uharakishaji wa picha umezimwa kwenye mipangilio, W haifanyi kazi, na kompyuta mpakato kuukuu hulemewa ukivuta picha iwe ndogo sana. Toleo la Android limekusudiwa tableti, siyo simu. Kwenye tovuti ya krita.org programu ni bure. Kwenye maduka ya mtandaoni ya Steam na Microsoft inauzwa, na fedha hizo husaidia kuiendeleza.

Ukimpelekea mchapaji, mwambie wazi kwamba faili ni kigae kimoja, hata kama kwako skrini ilijaa, na akirudie badala ya kukivuta kiwe kikubwa. Akihitaji rangi nne za wino, badilisha mfumo wa rangi kuwa CMYK na umpe faili la aina ya TIFF, kwani aina ya PNG haibebi rangi hizo.