QEMU kwa amri tupu: uzoefu wangu wa kuipangia kompyuta pepe vifaa vyake

Natumia QEMU, programu inayoendesha kompyuta pepe ndani ya kompyuta yako, moja kwa moja kwenye terminali, bila virt-manager wala dirisha lolote la kubofya. Kwa kazi ya kupanga vifaa vya kompyuta pepe, sijaona chombo kinachokupa uwezo mkubwa kuliko hiki. Lakini kina tabia moja ambayo lazima uijue kabla ya kitu kingine: ukikiacha kijichagulie vifaa chenyewe, kinakupa kompyuta ya miaka ya 1990.

Jaribu kuandika `qemu-system-x86_64 diski.img` peke yake. Utapewa ubao mkuu wa i440FX, chipuseti ambayo Intel waliitoa 1996. Prosesa itakuwa ya kubuni, inaitwa qemu64. RAM ni MiB 128. Kadi ya mtandao ni e1000. Na baya kuliko yote, kila agizo la prosesa linatafsiriwa kwa programu badala ya kutekelezwa na prosesa halisi, hata kama kompyuta yako ina KVM (sehemu ya Linux inayoiruhusu kompyuta pepe itumie prosesa halisi moja kwa moja). Hakuna onyo linalotokea. Mgeni, yaani kompyuta pepe, anawaka polepole mno, na mtu anaondoka akisema QEMU ni nzito. QEMU si nzito. Haikuambiwa itumie KVM.

Kwa hiyo anzia hapo. Hakikisha kwanza prosesa inaruhusu:

```
grep -Ec '(vmx|svm)' /proc/cpuinfo
ls -l /dev/kvm
```

Amri ya kwanza ikirudisha 0, ingia kwenye BIOS uwashe VT-x kwa Intel au SVM kwa AMD. Kama `/dev/kvm` ipo lakini QEMU inalalamika `Permission denied`, jiingize kwenye kundi la kvm kwa `sudo usermod -aG kvm $USER`, kisha toka kabisa kwenye akaunti uingie tena. Kufungua terminali mpya peke yake hakutoshi.

Baada ya KVM (inaombwa kwa `accel=kvm`), weka `-cpu host`, ili mgeni aone prosesa ileile uliyonayo. Hili si suala la kasi tu. AlmaLinux 9 na ndugu zake wa RHEL 9 wanadai prosesa ya kiwango cha x86-64-v2, na qemu64 haikifikii. Mgeni anaanza vizuri, halafu anakufa njiani na ujumbe `CPU does not support x86-64-v2`. Watu wengi hudhani ISO imeharibika, wanaipakua upya na kumaliza bando bure.

Hii ndiyo amri ninayoanzia kwa seva au desktopu ya Linux. Naiweka kwenye faili la `.sh`, siiandiki kwa mkono kila mara:

```
qemu-system-x86_64 \
  -nodefaults \
  -machine pc-q35-8.2,accel=kvm \
  -cpu host \
  -smp 4,sockets=1,cores=4,threads=1 \
  -m 4G \
  -device virtio-vga,addr=0x2 \
  -device qemu-xhci,addr=0x3 -device usb-tablet \
  -blockdev driver=qcow2,node-name=diski0,discard=unmap,file.driver=file,file.filename=seva.qcow2 \
  -device virtio-blk-pci,drive=diski0,bootindex=0,addr=0x4 \
  -netdev user,id=mtandao0,hostfwd=tcp:127.0.0.1:2222-:22 \
  -device virtio-net-pci,netdev=mtandao0,mac=52:54:00:a1:00:01,addr=0x5 \
  -display gtk \
  -monitor stdio
```

Angalia jinsi diski na mtandao vilivyoandikwa, maana hapo ndipo penye ufunguo wa QEMU yote. Kila kifaa kina nusu mbili. Nusu moja iko kwa mwenyeji, yaani kompyuta yako halisi: faili lililo kwenye diski yako, au njia ya kutokea kwenye mtandao. Hiyo ni `-blockdev` na `-netdev`. Nusu ya pili ni kile mgeni anachokiona, yaani kadi iliyochomekwa kwenye sloti ya PCI. Hiyo ni `-device`. Kinachoziunganisha ni jina: `drive=diski0` inatafuta `node-name=diski0`, na `netdev=mtandao0` inatafuta `id=mtandao0`. Ukikosea herufi moja, QEMU inakataa kuanza; ukisahau kabisa `-device` ya mtandao, inakuonya kwamba netdev fulani haina mwenzake. Onyo hilo lichukulie kwa uzito: mgeni atawaka, ila hatakuwa na kadi ya mtandao kabisa.

Njia za mkato kama `-hda` na `-net` zinaunganisha nusu hizo mbili kisirisiri. Ni rahisi kuandika, lakini siku ukitaka kubadilisha kadi bila kugusa faili, au kuiambia diski ikae sloti fulani, huna pa kushika. Maelekezo mengi yanayozunguka yameandikwa kwa mtindo huo wa zamani, na baadhi ya machaguo yake yamekwisha kuondolewa. `-soundhw`, kwa mfano, haipo tangu toleo la 7.1. Ukikuta maelekezo yenye `-soundhw`, jua umri wake.

`-nodefaults` inazuia QEMU isiongeze vifaa ambavyo hukuviomba. Ndiyo sababu nimelazimika kutaja kadi ya skrini mwenyewe; bila `virtio-vga` ungekaa mbele ya dirisha lisilo na picha.

`usb-tablet` inaonekana kama pambo, lakini ndiyo inayofanya kipanya kisinaswe ndani ya dirisha. Bila hiyo utakuwa unabonyeza Ctrl+Alt+G kila unapotaka kutoka. Lazima ije baada ya `qemu-xhci`, kwa sababu vifaa vya `-device` vinaundwa kwa mpangilio ulioviandika. Ukikitanguliza, QEMU itasema haioni basi (bus) la USB la kukichomeka.

Sasa zile `addr=`. Watu huziruka, na kwa maoni yangu ndizo zinazookoa muda kuliko zote. Usipotaja sloti, QEMU inagawa nafasi kwa kufuata mpangilio wa amri. Linux nayo inaipa kadi ya mtandao jina kwa kufuata sloti yake. Kwenye ubao wa zamani wa `pc`, kadi ya kawaida hukaa sloti ya 3 na kuitwa ens3. Kwenye q35, ubao mpya zaidi niliouchagua kwenye amri ya juu, huwa mara nyingi enp0s2. Ukiongeza kifaa kimoja juu ya kadi hiyo, sloti inasogea, jina linabadilika, na mipangilio ya mtandao ya mgeni (netplan) bado inalitafuta jina la zamani. Mgeni anawaka bila mtandao, ilhali hujagusa chochote cha mtandao. Ukiandika `addr=0x5`, kadi ni enp0s5 leo na mwakani.

Kwa sababu hiyohiyo naandika `pc-q35-8.2`, si `q35` tupu. `q35` ni jina la kupanga linaloelekea toleo jipya lililopo. Ukisasisha QEMU, ubao wa mgeni unabadilika chini ya miguu yake. Linux huvumilia mara nyingi. Windows inaweza kudhani imehamishiwa kompyuta nyingine. Orodha ya mbao zinazokubalika kwako utaipata kwa `-machine help`. Ubuntu 24.04 ina QEMU 8.2, ila Debian 12 ina 7.2, kwa hiyo huko utaandika `pc-q35-7.2`.

Anwani ya MAC ya kadi nayo iandike. QEMU humpa kila mgeni 52:54:00:12:34:56 usipotaja. Mmoja akiwa peke yake hakuna shida. Ukiwaweka wawili kwenye daraja moja la mtandao (bridge), wote wana anwani moja, na utaona mtandao unakuja na kukatika bila sababu.

Kuhusu `-netdev user`: haihitaji ruhusa ya root, na hiyo ni raha kubwa. Mgeni anapata 10.0.2.15, lango ni 10.0.2.2, DNS ni 10.0.2.3. Kasoro zake ni mbili. Ping kwenda nje mara nyingi haifanyi kazi, kwa hiyo usipime mtandao kwa ping, tumia `curl`. Pili, hakuna anayeweza kumfikia mgeni kutoka nje isipokuwa umemfungulia poti kwa `hostfwd`. Kwa amri ya hapo juu unaingia kwa `ssh -p 2222 jina@127.0.0.1`. Nimeweka 127.0.0.1 kwa makusudi. Ukiandika `tcp::2222-:22`, poti hiyo inafunguka kwa kila aliye kwenye Wi-Fi moja na wewe.

Diski yenyewe, faili la aina ya qcow2, inaundwa hivi:

```
qemu-img create -f qcow2 seva.qcow2 40G
```

Faili litaanza likiwa dogo sana, chini ya MB 1, na kukua kadiri mgeni anavyoandika. Hapo pana mtego. Mgeni anaamini ana GB 40. Mwenyeji huenda amebakiwa na 12. Nafasi ya mwenyeji ikiisha, QEMU inamsimamisha mgeni palepale. Skrini inaganda, na mtu wa haraka anaua mchakato, akiharibu data ambayo ilikuwa salama. Andika `info status` kwenye monita, yaani terminali uliyowashia QEMU (ndiyo kazi ya `-monitor stdio`). Ukiona `paused (io-error)`, futa vitu kwa mwenyeji upate nafasi, kisha andika `cont`. Mgeni anaendelea alipoishia kana kwamba hakuna lililotokea. Huu ni uamuzi mzuri sana wa waliounda QEMU, na unastahili kujulikana zaidi. Ile `discard=unmap` nayo inasaidia: mgeni akiendesha `fstrim -av`, nafasi ya mafaili aliyofuta inarudi kwa mwenyeji.

Utakutana pia na ushauri wa `cache=unsafe`, kwamba unaharakisha. Ni kweli unaharakisha, kwa kupuuza kila ombi la mgeni la kuhakikisha data imefika kwenye diski. Umeme ukikatika katikati, mfumo wa mafaili unaweza kuondoka nao. Mimi naukubali wakati wa kusakinisha tu, pale ambapo kurudia ni nusu saa. Kwa hifadhidata, hapana.

Wakati wa usakinishaji, ongeza CD:

```
  -drive if=none,id=cd0,media=cdrom,format=raw,file=ubuntu.iso \
  -device ide-cd,drive=cd0,bootindex=1 \
```

Diski ina bootindex 0 na CD ina 1. Diski ikiwa tupu, BIOS inaiona haina kitu na kusonga mbele kwenye CD. Usakinishaji ukimalizika, diski inawaka yenyewe, na huna haja ya kubadilisha amri.

Kwa majaribio ya hatari, `-snapshot` haipatani na `-blockdev`, basi tengeneza tabaka la juu, faili linalobeba mabadiliko tu:

```
qemu-img create -f qcow2 -b seva.qcow2 -F qcow2 jaribio.qcow2
```

Washa mgeni kwa `jaribio.qcow2`. Ukiharibu, lifute. Usiwashe `seva.qcow2` na kuiandikia wakati tabaka hilo bado unalihitaji, kwa sababu data ya tabaka inategemea msingi usiobadilika.

Makosa mawili ya uandishi yanarudi kila mara. Baada ya `\` kusiwe na nafasi, la sivyo mstari unaofuata unakuwa amri nyingine. Na baada ya koma kusiwe na nafasi pia: ukiandika `-smp 4, cores=4`, QEMU inaichukua `cores=4` kama jina la faili la diski na kulalamika haiwezi kulifungua. Halafu `-m 4` ni MiB 4, si GiB 4. Herufi G ina kazi.

Windows inadai mengine. Kisakinishi chake hakina draiva za virtio (vifaa vilivyobuniwa kwa ajili ya kompyuta pepe, kama vya amri yangu), kwa hiyo hakitaiona diski, chomeka `virtio-win.iso` kama CD ya pili, bonyeza Load driver, uchague `viostor` kisha folda ya toleo lako. Ya mtandao ni `NetKVM`. Kama Windows ilishasakinishwa kwenye SATA, usiihamishe ghafla, itakupa INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE. Ichomekee kwanza diski ndogo ya pili ya virtio, GB 1 inatosha, sakinisha draiva, zima, ndipo uhamishe ile kuu. Ongeza `-rtc base=localtime`, kwa sababu Windows huisoma saa ya ubao kama saa ya mahali ulipo wakati QEMU inatoa UTC. Kwa aliyeko Dar es Salaam au Nairobi, saa itakuwa nyuma kwa saa tatu. Kwa prosesa natumia `-cpu host,hv_relaxed,hv_vapic,hv_spinlocks=0x1fff,hv_time`; Windows ikijua iko juu ya hypavaiza (programu ya kuendesha kompyuta pepe), inapunguza kazi isiyo ya lazima hata ikiwa imekaa tu.

Ile `sockets=1` nayo inahusu Windows zaidi. Kabla ya toleo la 6.2, `-smp 4` ilimaanisha prosesa nne zenye kiini kimoja kimoja, na Windows 10 Home hutumia soketi moja tu. Ulitoa viini vinne, ikatumia kimoja.

Ukitaka kuchomeka kifaa mgeni akiwa anafanya kazi, jiandae tangu mwanzo: kwenye q35, basi (bus) la `pcie.0` halikubali kuchomekwa kitu mgeni akiwa amewaka. Ongeza mlango kwenye amri:

```
  -device pcie-root-port,id=mlango1,chassis=1,addr=0x6 \
```

Kisha kwenye monita: `netdev_add user,id=mtandao1` na `device_add virtio-net-pci,netdev=mtandao1,bus=mlango1`. Kila mlango unapokea kifaa kimoja, basi weka milango mingi kadiri unavyotarajia kuhitaji. `info qtree` itakuonyesha kila kifaa kimekaa wapi na kila sifa yake ina thamani gani. Na kama hujui kifaa kinakubali sifa zipi, uliza chenyewe: `qemu-system-x86_64 -device virtio-net-pci,help`.