Mwongozo wa Kununua: Sefti ya Gumba kwa Bastola ya 1911 ya Kubeba Kiunoni

Bastola ya 1911 iliyobuniwa na John Browning kwa kawaida hubebwa ikiwa imekokiwa, yaani nyundo imevutwa nyuma, risasi ikiwa ndani ya chemba na sefti ya gumba (wenzo mdogo wa ubavuni ambao ukipandishwa huzuia bastola isipige, na ukishushwa huiruhusu) ikiwa juu, kwa hiyo mnunuzi anayeangalia bei na urembo wa mpini peke yake hujisahaulisha sehemu atakayoigusa kila siku. Jeshi la Marekani lilipoipokea bastola hii tarehe 29 Machi 1911, sefti ya gumba ilikuwa imeongezwa kwa ombi la askari wa farasi, waliotaka kuirudisha silaha alani salama kwa mkono mmoja huku wa pili ukishika hatamu.

Kwa mtumiaji wa mkono wa kulia, naiweka ya kwanza sefti ya upande mmoja iliyorefushwa kidogo, yenye upana wa kadiri. Gumba huishusha bila kutafuta, kisha hubaki limeilalia muda wote wa kupiga, na hilo ndilo jambo kubwa, kwa sababu gumba linalokaa chini ya sefti linaweza kuisukuma juu bastola inaporuka mkononi.

Ya pili ni ya pande mbili. Kwa anayetumia mkono wa kushoto hii ndiyo ya kwanza, wala hakuna mjadala. Kwa wa mkono wa kulia, hata hivyo, ubapa wa pili, ule wa gumba ulio upande wa kulia wa bastola, huelekea nje ya mwili, ambako hukutana na koti, mkono wa kiti na kila kinachopita. Niliwahi kushuka garini, nikapapasa chini ya koti na kukuta sefti imeshuka: kifungo cha mkanda wa gari, ambacho kwa dereva wa Marekani hukaa kwenye nyonga ya kulia, kilikuwa kimeisukuma. Ala ilikuwa imekifunika kifyatulio chote na sefti ya mpini, ile isiyoruhusu kufyatua mpaka mpini ushikwe, ilikuwa nzima, hivyo halikutokea lolote, lakini jioni ile nilikaa kitako nikaitazama bastola ile kwa muda mrefu. Ukiichagua aina hii, tafuta yenye ubapa mwembamba upande wa kulia, na ala inayoukinga ubapa huo.

Sefti ndogo ya asili, kama ile ya kijeshi, naiweka ya tatu. Haikwami kwenye nguo, ila gumba lenye jasho au lililovaa glavu huikosa kwa urahisi. Ile pana ya mashindano huchoma ubavu na kushushwa ovyo, iachwe uwanjani.

Anayefikiria kuachana na 1911 na kuchukua bastola yenye sefti kwenye slaidi, kile chuma cha juu kinachorudi nyuma bastola ikipiga, kama Beretta 92FS, ajue kwamba hiyo husukumwa juu ili kupiga, kinyume kabisa na 1911. Si silaha mbaya, lakini sishauri mtu mmoja azibebe zote mbili kwa zamu, kwani kidole hufuata mazoea.

Aina yoyote utakayochagua, usidhani ni ya kupachika tu. Kijino chake cha ndani hupigwa tupa na fundi bunduki mpaka kikizuie barabara kile kipande kinachoishika nyundo. Kabla ya kulipa, toa magazini, hakikisha kwa macho na kwa kidole kwamba chemba ni tupu, elekeza mtutu mahali salama, koki, pandisha sefti, kisha ushike mpini sawasawa na uvute kifyatulio kwa nguvu. Kiachie, shusha sefti, halafu isogeze bastola karibu na sikio na uvute nyundo nyuma polepole. Ukisikia mlio mdogo wa chuma, kile kipande kilikuwa kimesogea na sefti haikukizuia. Irudishe kwa fundi kabla haijaingia risasi hata moja.