Miaka mitatu ya kuandika kumbukumbu za zamu kwenye tableti

Nafanya zamu ya usiku katika nyumba wanamoishi watu wazima wanne wenye ulemavu wa akili, hapa Des Moines, Iowa. Nilipoanza, kila kitu kiliandikwa kwenye faili nene lililokaa jikoni. Huu ni mwaka wa tatu tunatumia programu kwenye tableti, na kwa upande wa dawa sitaki tena kuona karatasi. Saa mbili usiku skrini inaonyesha picha ya mtu, jina la dawa na kiasi chake. Unampa, unathibitisha. Usipothibitisha, mstari unageuka mwekundu na msimamizi anauona. Zamani mtu akisahau kutia sahihi, wa zamu inayofuata alibaki akijiuliza kama kidonge kilimezwa au la, na mkazi mwenyewe akiulizwa hawezi kusema.

Halafu kuna kifafa. Mmoja wa wakazi wetu alikuwa akianguka mara kwa mara, nasi tukawa tunaingiza kila tukio: limeanza saa ngapi, limechukua dakika ngapi, mkono upi ulitangulia kutikisika, amelala muda gani baadaye. Siku ya kumwona daktari wa neva nilichapisha rekodi za miezi minne. Daktari alipitisha kidole tu: karibu yote kati ya saa kumi na saa kumi na mbili alfajiri. Akabadilisha saa za dawa. Kwenye faili la zamani mambo hayo yangekuwa yametapakaa katika miandiko ya watu tisa.

Kinachoniudhi ni sehemu ya malengo. Mpango wa mtu unasema ajifunze kuosha vyombo, nami napewa visanduku vinne: amefanya mwenyewe, ameelekezwa kwa maneno, ameshikwa mkono, amekataa. Amesimama kwenye sinki dakika kumi akichezea povu na kucheka, sahani moja imetakata. Nibofye wapi? Wengi hubofya "mwenyewe" wawahi nyumbani. Tangu Aprili 2016 sehemu kubwa ya Medicaid ya Iowa, yaani bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo na wenye ulemavu, inaendeshwa na kampuni binafsi za bima, na saa za huduma zikipitiwa upya, rekodi hizi ndizo zinazosomwa. Ukijaza "mwenyewe" mwezi mzima, mtu anaonekana hahitaji msaidizi, kumbe ulisimama pembeni yake kila jioni.

Kwa hiyo andikeni maelezo, tena ya mlichokiona. Si "alikasirika", bali "alisukuma sahani, akaenda chumbani, akafunga mlango". Na hifadhini kila baada ya sentensi mbili, maana ukikaa bila kugusa skrini inakutoa. Ni kulinda siri za afya, ambazo sheria ya HIPAA ya 1996 inazikazania, lakini mimi nilipoteza nusu ukurasa nilipokwenda kumgeuza mtu kitandani.

Tumeomba sehemu ya maelezo iwe ya lazima. Mpaka leo unaweza kuiacha tupu na programu ikakupokelea.