Rear Window au Psycho: uanze na ipi?
Zote mbili ni filamu za mwongozaji Alfred Hitchcock. Psycho (1960) ndiyo yenye jina zaidi: picha nyeusi na nyeupe, fidla za mtunzi wa muziki Bernard Herrmann zikipiga mayowe mwanamke anapouawa akioga bafuni, na ile damu kumbe ni shira ya chokoleti. Ila ukishaijua siri yake, nusu ya hofu imeondoka.

Rear Window (1954) haina shida hiyo. James Stewart, mguu umefungwa plasta, yuko dirishani akichungulia majirani. Grace Kelly anajipenyeza chumbani kwa jirani anayeshukiwa kumuua mkewe, kutafuta ushahidi, mara mwenye chumba anarudi. Stewart anaona yote kwa lenzi ya kamera, ng'ambo ya ua, na hana la kufanya. Hapo hata ukiirudia, roho inakudunda. Anza na hii. Psycho itazame na wenzako, na uwe umeshaoga.